Sindano ya Kila Siku ya Tatu

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na paa la chumba cha panya linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Nimeandika kwenye kitabu cha kazi kwamba paa linavuja, kama nilivyoandika mwaka jana.

Daftari hili ni langu, si la kazi. Kazini naandika gramu tu. Nina panya tisini wa utafiti, makundi matatu ya thelathini thelathini. Kila asubuhi nawapima mmoja mmoja, napima chakula kilichobaki, napima na udongo mweupe ulio kwenye kibakuli kidogo pembeni ya kila kizimba. Udongo wenyewe wa nini sijui. Nilipoanza kazi niliambiwa pima, nikapima. Mtaani wananiita Bwana Panya, na watoto wa jirani hawali mkate nilioushika mimi.

Dawa tunayoijaribu ina jina refu lenye tarakimu, kwa hiyo tumeibatiza Tosha. Mtafiti mkuu, ambaye akiwepo tunamwita Daktari na akiondoka tunamwita Mama Mizani, alinieleza siku moja akiwa na furaha zake. Mtu akila, kongosho lake linatoa homoni inayokwenda kuuambia ubongo: tosha. Hiyo ya asili inapotea baada ya dakika chache. Yetu imeundwa kwa mfano wake, ila imefungwa kipande cha mafuta kinachoishikilia kwenye damu isiondoke upesi. Panya akichomwa leo, anakipita chakula leo, kesho na keshokutwa. Siku ya tatu anachomwa tena.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Ndoo mbili.

Jumamosi, Machi 8

Nimekula kwa Dada. Alikuwa ametoka kwa daktari wa mifupa, na uso wake niliusoma kabla sijavua viatu.

"Goti limekwisha," alisema. "Anaweza kuniwekea jingine la chuma, ila kwanza nipunguze kilo ishirini. Ishirini, mdogo wangu! Anasema na huu uzito hanigusi."

Dada ana kilo mia na kumi na nne. Ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo goti kwake ndiyo kazi. Siku hizi anakanyaga kwa mguu mmoja, na kila nguo inamchukua siku mbili. Na si kwamba anakula sana. Anajinyima mpaka anaona kizunguzungu, mwili uko palepale.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, alimletea chai bila sukari. Dada akaiangalia kama mgeni asiyealikwa.

"Hao panya wako wanapungua?" aliniuliza.

"Wanapungua, Dada. Wanapita mbele ya chakula kama hawajuani."

"Basi nichome na mimi, nisijuane na wali."

Wao walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kulifikiria, na mtu anayefikiria wizi hawezi kucheka sawasawa.

Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane na Dada kumi na saba. Aliacha shule ili mimi nisiache. Hajawahi kunikumbusha, hata tulipogombana. Afadhali angekuwa ananikumbusha.

Jumanne, Machi 11

Leo nimekiangalia kichupa cha Tosha kwa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

Alhamisi, Machi 13

Nimechukua.

Dozi ikibaki kwenye kichupa baada ya kuchoma panya, sheria inasema imwagwe kwenye chombo chekundu na iandikwe. Mimi ndiye ninayemwaga, mimi ndiye ninayeandika. Leo niliandika bila kumwaga. Mwandiko ulitoka mzuri, huu ninaousifia.

Jumamosi, Machi 15

Dada alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akafunua ubavu wa tumbo. Binti yake alikuwa ametoka. Hilo nilihakikisha.

Hesabu niliipiga jana. Nilichukua dozi ya panya, nikaangalia uzito wa panya, nikaangalia uzito wa Dada. Ikatoka dozi kubwa kweli. Nikaikata nusu, nikaikata nusu tena, nikajiona mtu mwangalifu sana.

"Watu wameshachomwa hii?" aliuliza.

"Wapo. Si hapa kwetu, huko nje." Sijui kama wapo. Mama Mizani husema kabla ya kufika kwa watu bado kuna safari.

"Haina ubaya?"

"Itakukatisha hamu tu."

"Haitapishi? Maana kutapika mimi naogopa kuliko kufa."

Hapo nilijibu kwa kifua kabisa, kwa sababu hilo nililijua kwa macho yangu. "Dada, miaka miwili nimekaa na wale panya. Sijaona hata mmoja akitapika. Hata mara moja."

"Haya, choma. Nawe ndiye daktari wangu."

Nikachoma. Akasema haiumi kama sindano za wauguzi. Akanipa suruali yangu aliyokuwa ameipunguza urefu, tukazungumza habari za mvua.

Jumapili, Machi 16

Dada amebakisha nusu ya wali! Mwenyewe haamini. Amesema sahani ilikuwa mbele yake na alikuwa kama mtu aliyeshiba tangu jana. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumanne, Machi 18

Siku ya tatu. Nimemchoma tena, kama panya wa kundi la tatu, asubuhi wao, jioni yeye.

Alhamisi, Machi 20

Kilo tatu zimeshuka. Tulipima kwenye mizani ya duka la mkaa, Dada akang'ang'ania tupime mara mbili. Mwenye duka akamuuliza siri yake. "Maombi," akasema Dada, akanikonyeza.

Ijumaa, Machi 21

Siku ya tatu. Mabaki hayatoshi tena. Nimevuta dawa kutoka kichupa kizima cha kundi la tatu kabla ya kuwachoma, na kukijazia maji ya sindano mpaka kwenye mstari. Maji na Tosha havitofautiani kwa macho. Nilirudisha kichupa kwenye friji, nikafunga mlango polepole, kama kwamba friji lingeamka.

Jumamosi, Machi 22

Mama Mizani amekuja kazini siku ya mapumziko. Alikuwa na karatasi zangu mkononi, zile za gramu.

"Kaka, kundi la tatu wanakula," alisema.

"Wanakula, Daktari?"

"Tangu jana. Wengine hawali, hawa wanakula. Umewapima vizuri?"

"Nimewapima kama siku zote."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana nilimtazama usoni bila shida. Nimegundua uongo ukiufunika na ukweli mmoja mzima hausikiki. Yeye akapima tena wote thelathini kwa mkono wake.

Jumatatu, Machi 24

Siku ya tatu. Dada amepungua uso. Alisema yuko sawa, amechoka kidogo tu, na akanionyesha mkanda wa kupimia aliouzungusha kiunoni. "Ona, ona!" Vidole vyake vilikuwa baridi. Jirani yake amemwambia anarudi usichana.

Nilimuuliza kama anakunywa maji. Akasema hata maji yanamkinaisha siku hizi. Nikamwambia ajitahidi. Ndivyo tunavyosema tusipotaka kujua zaidi.

Jumatano, Machi 26

Mama Mizani amejifungia ofisini. Mlango una kioo, kwa hiyo kujifungia kwake ni kwa kujifariji tu. Nilimpelekea chai.

"Ni mimi," alisema kabla sijaweka kikombe. "Nilichanganya vile vichupa nikiwa na homa. Lazima nilikosea kipimo. Miaka kumi na minne nafundisha wengine kuchanganya."

"Daktari, usijilaumu bure."

"Nimlaumu nani sasa? Wewe?"

Akacheka, maskini. Nikacheka naye. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye chumba cha panya, maji yakidondoka kwenye ndoo, nikajiita jina ambalo siliandiki hapa.

Alhamisi, Machi 27

Siku ya tatu. Nilitaka kuiruka. Lakini panya ukimrukisha sindano anarudi kula kwa fujo, na zimebaki kilo kumi na moja. Nimechoma. Ya tano.

Jumapili, Machi 30

Leo ilikuwa siku ya tatu. Nilikwenda na bomba la sindano mfukoni. Mpwa wangu alinipokea kwenye kona kabla sijafika nyumbani, mwavuli umevunjika mbavu, maji yakimtiririka mgongoni.

"Mjomba, mama anatapika."

"Tangu lini?"

"Wiki na zaidi. Anafungulia bomba la bafuni ili nisisikie. Nimemwambia twende hospitali, anasema anangoja goti. Wewe anakusikiliza. Mwambie."

Nilimkuta Dada amelala. Fundi cherehani amelala mchana, kwa nyumba ile ni jambo jipya. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie nini? Ulisema dawa haitapishi. Basi nikajua ni tumbo langu lenyewe, nimekula kitu. Nikakwambia, si ungesimamisha sindano?"

Sikumchoma. Alikasirika. Aliniambia nimeanza kumwonea huruma wakati mto umeshavukwa. Sindano nimeitupa mtaroni, ikachukuliwa na maji.

Jumatatu, Machi 31

Naandika haya yote kwa sababu nikiyaacha kichwani sitalala.

Asubuhi, tukipima udongo, nilimuuliza Mama Mizani kama mtu anayepitisha muda: "Daktari, mbona hawa panya hawatapiki na chakula hawakitaki?"

Alinitazama kwa mshangao. "Panya hatapiki, kaka. Hawezi. Hakuumbwa hivyo. Hata akila sumu, haitoki."

"Hawezi kabisa?"

"Kabisa. Miaka miwili hujui? Ndiyo maana tunawawekea udongo. Panya akisikia kichefuchefu anakula udongo. Huu unaoupima kila siku, ndio matapishi yao." Akafungua karatasi zangu. "Tazama kundi la pili. Tazama udongo unaoliwa unavyopanda."

Ulikuwa umepanda. Niliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule ninaousifia, gramu mbili, gramu tatu, gramu tano. Panya sitini walikuwa wananiambia kila asubuhi kwamba dawa inawachafua roho, nami naandika na kugeuza ukurasa.

Nilijikaza nikauliza la pili. "Na mtu akichomwa, naye itakuwa kila siku ya tatu?"

"Hapana! Panya mwili wake unakimbia, dawa anaimaliza upesi. Kwa mtu tunatarajia sindano moja ikae wiki nzima na zaidi. Ukimchoma mtu kwa ratiba ya panya utakuwa unampandishia moja juu ya nyingine, hakuna inayotoka."

Tano, kwa siku kumi na mbili.

Jioni nilikwenda kwa Dada nikamwambia zimekwisha, hakuna tena, anywe maji yenye chumvi na sukari. Alikunywa nusu kikombe mbele yangu, akayatapikia kwenye beseni. Nikamwambia itapungua yenyewe. Hapo ndipo ningepaswa kumbeba kwenda hospitali. Nilijua. Lakini hospitali wangeuliza ametumia nini, na swali hilo jibu lake ni mimi. Nikamwambia apumzike, nikaenda zangu.

Jumanne, Aprili 1

Nimepima panya tisini. Sikwenda kwa Dada. Nilituma ujumbe: "Unaendeleaje?" Akajibu: "Mzima." Nikaamua kuamini.

Ijumaa, Aprili 4

Siku mbili sijaandika. Nitajaribu kwa mpangilio.

Jumatano mchana mpwa wangu alinipigia simu kutoka hospitali. Dada alianguka akienda bafuni. Nilipofika walikuwa wamemtundikia dripu, midomo imekauka imepasuka, anapumua kwa haraka. Daktari wa zamu, kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa anamuuliza amekula nini, amekunywa dawa gani, amepaka nini.

"Nilikula samaki wa jana," alisema Dada.

Daktari akaniangalia mimi. "Kuna dawa yoyote anayotumia?"

Dada alinishika kidole. Alipoondoka daktari, alivuta sikio langu karibu na mdomo wake. "Usiseme. Watakufukuza. Watakufunga. Mimi nitapona tu."

 Nilijificha nyuma ya wema wake kama nilivyojificha nyuma ya gauni lake nikiwa na miaka minane. Nilijiambia namtii dada yangu. Nilikuwa najihifadhi mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alikuwa hajijui vizuri. Alimwita binti yake kwa jina la mama yetu. Figo zilikuwa zimepungua kazi, chumvi za mwili zimeharibika. Matapishi yalikuwa hayakomi hata baada ya dripu, na tumbo limevimba na halina sauti. Wakampiga picha. Daktari wa upasuaji akaja, mwanamke mfupi mwenye haraka, akasema chakula kimekaa tumboni hakishuki, utumbo unaonekana umeziba mahali, na figo zikiwa hivi hakuna muda wa kungoja. Watamfungua tumbo waangalie.

Mimi nilijua kwa nini hakishuki. Tosha ndivyo inavyofanya kazi, inalifanya tumbo lishikilie chakula. Mama Mizani alinieleza hilo nikiwa nafagia. Hakuna kilichoziba. Wangefungua na kukuta utumbo mzima, kwa mwanamke ambaye figo zake zinazima.

Yule daktari wa upasuaji akanipa fomu ya idhini. "Wewe ndiye ndugu wa kiume? Weka saini hapa. Na hapa."

Mpwa wangu alikuwa analia dirishani. Dada alikuwa amelala kichwa upande wangu, macho nusu. Nilikuwa na kalamu yangu mwenyewe mfukoni, ile ya kazini.

Nikaweka saini. Hapa, na hapa.

Walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, korido ndefu, mlango ukajifunga. Nikakaa kwenye benchi. Mpwa wangu aliniegemea begani na kusema, "Afadhali upo, Mjomba." Nikakaa. Saa ya ukutani nilikuwa naiona. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nilijiambia huenda ni kweli kimeziba, nikajiambia madaktari wamesoma, nikajiambia nikisema sasa nitakuwa mjinga aliyechelewa. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa yanaanza na mimi.

Saa nne na dakika arobaini na nane niliinuka nikakimbia. Nilipiga mlango kwa viganja vyote viwili. Muuguzi akatoka kunifokea. Nikasema kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia: "Msimkate! Nimemchoma dawa ya panya!"

Walikuwa wanamvalisha barakoa ya usingizi.

Mengine yalikuwa ya haraka. Daktari wa upasuaji alinivuta kando akanihoji kama askari: dawa gani, kiasi gani, lini, mara ngapi. Hakunitukana. Hakuwa na muda huo. Akaomba namba ya mtu anayeijua dawa hiyo, nikatoa namba ya Mama Mizani, na simu nikapiga mimi mwenyewe.

Alifika na mvua yake yote mabegani. Alizungumza na madaktari kwa saa nzima: itakaa mwilini siku ngapi, tumbo litaamka lini, wafanye nini na wasifanye nini. Dada hakukatwa. Walimwekea mpira wa kutoa kilichokaa tumboni, wakampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mama Mizani alinikuta mlangoni akitoka.

"Kundi la tatu ulitia maji?"

"Ndiyo, Daktari."

"Nimeshawaandikia wenzangu wote barua kwamba nilichanganya vibaya. Nimewaomba radhi." Alifuta miwani yake kwa pindo la koti lililolowa, kwa hiyo haikufutika. "Ungeniomba dawa ya dada yako, ningekwambia hapana, na ungekasirika. Basi. Ungekasirika tu."

Jumanne, Aprili 8

Nimefukuzwa kazi. Barua ina mistari minne, na sijaona hata neno moja la uongo ndani yake. Kuna uchunguzi, nitaitwa.

Kundi la tatu utafiti wao hauna maana tena. Panya wa utafiti ulioharibika hawarudishwi popote. Mlinzi aliniambia wamemalizwa jana, wote thelathini. Sikuwahi kuwapa majina, lakini nilijua yupi anauma na yupi hupanda mkononi bila kuitwa.

Alhamisi, Aprili 10

Dada amekunywa maji kijiko kwa kijiko, yakakaa.

Jumamosi, Aprili 12

Dada anazungumza. Wodi nzima wanamjua. Nilipoingia na uji, mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia, "Wewe ndiye yule mdogo wake! Uliyewazuia wasimkate!"

"Ndiye huyohuyo," alisema Dada. "Walishanifikisha mlangoni. Akapiga ule mlango mpaka ukafunguka. Ningekuwa udongoni saa hizi."

Wakanipongeza. Bibi mmoja akanibariki kwa kiganja juu ya kichwa. Nikasema asante, bibi. Nikasema asante!

Jumatatu, Aprili 14

Tena. Leo alimsimulia mfagiaji.

Jumatano, Aprili 16

Daktari wa figo amesema zimerudi nusu. Nusu hiyo inamtosha kuishi akijitunza, haimtoshi kulazwa kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya goti. Hakuna goti jipya, si mwaka huu, pengine kamwe. Mizani yao inasema Dada amepungua kilo kumi na tisa.

Nilipokuwa naondoka alimwambia muuguzi wa jioni, "Huyu ndugu yangu mpe kiti, ndiye aliyeniokoa." Sikukaa.

Ijumaa, Aprili 18

Mvua imepungua. Nimekwenda, nimerudi, sikusema. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawakusema afanyeje wa kwao wakimshukuru kwa kuwalisha.

Jumapili, Aprili 20

Leo nimemwambia.

Wodi ilikuwa imetulia, wageni wametoka. Alikuwa ameketi kitandani anashona kifungo cha muuguzi, maana wauguzi wote sasa wanamletea vifungo. Nikavuta kiti.

"Dada, usiwaambie tena watu kwamba nilikuokoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walipoleta ile fomu, nilisaini. Nilijua hakuna kilichoziba, nikasaini. Ukapelekwa. Nikakaa kwenye benchi dakika thelathini na nane ndipo nikapiga mlango."

Alikata uzi kwa meno. Akaweka shati la muuguzi pajani, akalilainisha kola.

"Nilikuona," alisema.

Sikuelewa.

"Sauti sikuwa nayo, lakini macho yalikuwa wazi. Nilikuona ukitoa kalamu mfukoni. Hukuomba hata kalamu yao." Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma vipimo vya nguo. "Nilikuambia usiseme. Sikukuambia usaini."

"Ulijua siku zote hizi? Na ukawa unanisifu?"

"Nilitaka nione utazivaa hizo sifa mpaka lini. Siku nane, mdogo wangu. Kila asubuhi nilisema, leo ataniambia. Ukawa unaingia na uji."

Nikaanza kulia. Hakunyoosha mkono, yeye ambaye tangu utoto wangu hajawahi kuniona nalia akabaki amekaa.

"Sindano nilikubali mwenyewe, hiyo tugawane," alisema. "Zile dakika sijakusamehe. Nisikudanganye, sijui nitasamehe lini. Sasa inuka unipe bega, nataka kwenda msalani, na muuguzi yuko mbali."

Nikainuka. Akaniegemea. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua ishirini na mbili, na goti lile lilisagika kila hatua. Hakulalamika hata mara moja. Nami kwa jinsi nilivyokuwa karibu, sikuweza kutolisikia.